Muulize Shangazi: Baiskeli ya euro 200

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko Rotterdam mwaka wa tatu sasa, kazi yangu ni kusambaza chakula kwa baiskeli. Miezi minne iliyopita kijana mmoja tunayesali naye aliniuzia baiskeli ya umeme kwa euro 200. Hakuna risiti, alisema ni ya kaka yake aliyehama. Juzi nimeipeleka kwa fundi anibadilishie breki. Akaipindua, akanionyesha namba ya fremu imekwanguliwa, akanirudishia bila kuigusa tena. Sasa nimepata mteja wa euro 350. Nikiiuza upesi mambo yaishe, kuna ubaya? Mimi sikuiba.
Msomaji, Rotterdam

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiuze. Shika hilo kwanza, kisha nikueleze.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikaa miaka kumi na moja kwenye kiti cha mkalimani, katika vyumba vya mahojiano vya polisi wa nchi hii. "Mimi sikuiba" nimeitafsiri mpaka nikaichoka. Askari huitikia tu kwa kichwa, kwa sababu hajamwambia mtu kwamba ameiba. Wizi una kifungu chake, cha 310. Anachokuuliza ni heling, yaani kupokea au kushughulika na mali ya wizi, na Waholanzi wameyatenga makosa haya mawili: mwizi mwenyewe hahukumiwi kwa heling ya kitu alichokiiba yeye. Kwa hiyo ukisema hukuiba, hujajitoa. Umejiweka kwenye foleni inayokuhusu.

Kosa lenyewe lina ngazi. Kifungu cha 416 kinamhusu aliyejua, Waholanzi wanaita opzetheling, na kifungo chake kinafika miaka 4. Cha 417bis ni cha asiyejua lakini alitakiwa kushuku. Hiyo ni schuldheling, mwisho mwaka 1. Anayeifanya ndiyo biashara yake ana cha 417, hadi miaka 6. Faini zote tatu zinaweza kupanda mpaka daraja la tano, ambalo mwaka 2024 lilikuwa euro 103,000. Usizimie, hiyo ni dari, si bei ya baiskeli moja.

Neno gumu hapo ni "kujua". Watu wetu wanadhani kujua ni mpaka mtu akwambie kwa mdomo wake, "bwana, hii ya wizi". Sivyo. Ukiuona uwezekano mkubwa kwamba kitu kimeibwa, ukasema liwalo na liwe ukanunua, kwa majaji wa huku hiyo nayo ni dhamira. Nimeapa kutunza siri, kwa hiyo ya watu sitayasimulia, ila maswali hayabadiliki. Ulipewa funguo ngapi? (Kufuli jipya kwa kawaida huja na funguo mbili.) Chaja iko wapi? Dukani baiskeli ya namna hii ni bei gani? Mlikutana wapi, saa ngapi? Mbona hukudai risiti? Hapo ndipo linapokuja jibu nililolisikia kwa zaidi ya mtu mmoja: niliona haya kumwuliza, ni mtu wetu. Jaribu kumtafsiria askari wa Kiholanzi "mtu wetu". Anaandika, anainua macho, anauliza tena: lakini kwa nini hukuuliza?

Kwa siku ile uliyonunua, basi, wakili ana la kukutetea. Hukupindua baiskeli, ulimwamini mtu unayemfahamu. Pengine watasema ulitakiwa kushuku kwa bei ile, pengine hata hilo halitashika. Lakini leo si siku ile. Fundi alipokuonyesha pale palipokwanguliwa, ulijua. Na kifungu cha 416 kina kipande ambacho wengi hawakisikii mpaka wamekalishwa kwenye kiti: anayekaa kwa makusudi na mali ya wizi, au kuihamisha kwa mwingine, ili apate faida, naye ni opzetheling, hata kama alipoinunua hakujua lolote. Hizo euro 150 za juu zitakutoa kwenye ngazi ya mwaka 1, au pasipo na kosa kabisa, zikupandishe kwenye ya miaka 4. Na yule mteja wako naye ataulizwa ufunguo wa pili.

Kuitupa mferejini nako usikufikirie. Wala usifute meseji zako na huyo kijana, hata kama zinakuaibisha. Bei mliyoelewana na ile habari ya kaka aliyehama ziko humo. Nenda Het Juridisch Loket, ofisi ya ushauri wa sheria, kabla ya yote, ushauri wao ni bure, watakwambia kama unahitaji wakili. Kisha ndipo polisi, 0900-8844. Ukiitwa kama mtuhumiwa una haki ya kuzungumza na wakili kabla ya swali la kwanza, una haki ya kunyamaza, na mkalimani hulipi wewe. Mwombe wa Kiswahili hata kama Kiholanzi chako kinakutosha sokoni. Cha sokoni hakitoshi kutofautisha "nilijua" na "nilidhani".

Baiskeli itaondoka, hilo likubali. Euro 200 zako mdai aliyekuuzia, nawe usione haya mara ya pili.

Na ikija barua ya mwendesha mashtaka yenye faini, inaitwa strafbeschikking, usikimbilie kulipa ili yaishe. Nimeona waliolipa siku hiyo hiyo wakajisifu wamemaliza. Ni adhabu ya jinai, inaingia kwenye rekodi, na siku utakapoomba VOG, yaani cheti cha mwenendo mwema, ya kazi ya shule au ya kulea wazee ndipo utaikuta inakusubiri. Una siku 14 za kuipinga, ila ukishalipa umejifungia mlango.

SWALI: Shangazi, nilinunua kamera iliyotumika kwenye duka moja Den Haag, kwa bei ya kawaida, risiti ninayo. Ametokea mtu na namba ya kamera hiyo, anasema iliibwa kwake mwaka jana, nimpe. Nimpe?

JIBU: Si lazima. Aliyeibiwa anaweza kukidai kitu chake ndani ya miaka 3 tangu kilipoibwa, hata kwa aliyenunua kwa nia njema. Lakini mnunuzi wa kawaida, aliyenunua bila kushuku kwa mfanyabiashara wa vitu hivyo katika duka lake, sheria inamlinda. Ungekuwa umenunua mnadani, ningekujibu vingine. Ila akikuuliza umeipata kwa nani, huna budi kumwambia. Wajibu huo unao miaka 3 tangu uliponunua. Mwonyeshe risiti, apige picha jina la duka. Muuza vitu vilivyotumika naye analazimika kuweka daftari la anavyonunua, na polisi wataanzia hapo. Kamera ibaki mkononi mwako.