Kutambua transista iliyokufa kichwa cha treni ya umeme kikiwa mwendoni

Ndugu, umeuliza utambueje, treni ikiwa mwendoni, transista (swichi ya kielektroniki) iliyokufa katika kigeuzi, yaani kifaa kinachogeuza umeme kuwa wa fezi tatu na kulisha mota, bila kuongeza vifaa. Ikiwa imekufa kwa shoti, yaani inapitisha umeme muda wote, kazi hiyo iachie saketi inayowasha transista yenyewe, kwani shoti hupaswa kukatwa ndani ya takriban maikrosekunde 10, muda ambao programu kuu haiuwahi. Transista isiyowaka ndiyo inayohitaji hesabu: kila fezi ina transista ya juu na ya chini; ya juu ikifa, nusu chanya ya mkondo wa fezi hiyo hutoweka, na wastani wa mzunguko mmoja wa mkondo huwa hasi. Ugawanye wastani huo kwa ukubwa wa mkondo, ili mlima na mzigo visikudanganye. Lakini kwanza, nakusihi, jumlisha mikondo ya fezi zote tatu. Jumla isipokaribia sifuri, shuku kihisi (sensa) kinachopima mkondo au umeme unaovujia ardhini. Treni inapoanza kuondoka, mzunguko mmoja huchukua muda mrefu, hivyo usiharakishe kutoa tahadhari.