Prado ya dizeli au ya petroli kwa Wete–Chake?
Kaka, kwa kwenda kazini Chake na kurudi Wete tu, kama ulivyosema, chukua ya petroli. Ni kweli dizeli haili mafuta sana, hasa ukipakia magunia ya karafuu ukapanda vilima, lakini faida yake inataka masafa, na Pemba yenyewe ndogo. Mimi ninayo ya dizeli, injini ya lita 3.0. Oili peke yake ni kama lita 7 kila nikimwaga. Mwaka jana nozeli za kupulizia dizeli kwenye injini zilianza kuvuja, asubuhi moshi mweupe mpaka kuku wa jirani wanakimbia. Nilichookoa kwenye mafuta chote akala fundi. Bei mpya za mafuta ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati Zanzibar, wanatangaza kila mwezi, piga hesabu mwenyewe. Ila kama utabeba mizigo kila siku, basi dizeli.