Wakati mkate unaumuka, soma

Dada yangu wa Lindi, pole na kazi. Umeuliza utatulizaje akili msimu huu wa korosho, maana unatoka ghalani saa mbili usiku, watoto wanakusubiri, na riwaya uliyoianza tangu Ramadhani bado iko ukurasa wa 10.

Mimi niko Mikindani, hayo nimeyapitia. Siku nzima ya kupumzika usiitafute, hutaipata. Anza na mkate wa kumimina. Ijumaa usiku loweka mchele. Jumamosi usage pamoja na tui zito, hamira, sukari na iliki, kisha funika. Hapo una kama saa nzima ya kusubiri uumuke, na hakuna wa kukuuliza mbona umekaa. Unalinda mkate! Soma. Simu iache chumbani.

Ukishaumimina kwenye sufuria yenye mafuta ya moto, makaa ya chini yawe machache, mengi yapange juu ya mfuniko. Wangu wa kwanza uliungua chini, juu majimaji, kisa nilinogewa na kitabu. Tuliula hivyo hivyo kwa chai. Siku hizi nasikiliza pua: harufu ya iliki ikitoka, nakunja ukurasa nikachungulie.