Shangazi, kichwa changu kinajua mvua kabla ya mawingu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Uyole, Mbeya. Mvua ikikaribia, au baridi ya Juni ikiingia, kichwa kinanigonga upande mmoja, sitaki mwanga, natapika. Nyumbani wamenibatiza "Hali ya Hewa". Mume wangu anasema nakwepa palizi. Karatasi ya panadoli hainimalizii siku tatu. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Hilo jina limenichekesha, halafu likaniuma. Marehemu mama yangu, kule Tukuyu ambako mvua haiombwi, alikuwa akijikaza kanga kichwani na kulala stoo, gizani, kati ya mikungu ya ndizi. Sisi watoto tulidhani amenuna.

Ulivyoeleza kinafanana sana na kipandauso, na huo ni ugonjwa, si uvivu. Wengi wenye nao husema mabadiliko ya hewa huwaamshia, na Mbeya yetu asubuhi ni ukungu, mchana jua la kuchoma, jioni sweta. Ila usiibebeshe hewa lawama zote. Siku ya palizi uliondoka na chai? Ulikunywa maji, au kwa kuwa ni baridi hukusikia kiu? Njaa, kiu na usingizi wa mang'amung'amu huamsha kichwa hichohicho.

Tena nina wasiwasi na Juni yako. Mnaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha? Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na kichwa kuuma ni miongoni mwa dalili zake za mwanzo. Kama na watoto huamka vichwa vinawauma, kisha wakitoka nje wanapata nafuu, hapo hakuna kipandauso. Ni jiko, na linaua. Litoe usiku wa leo, usisubiri kujibiwa barua nyingine.

Panadoli nazo. Ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita mitatu, dawa yenyewe huanza kuleta kichwa. Karatasi kwa siku tatu, mwanangu, huenda uko humo. Nenda hospitali uwaambie hesabu hiyo bila kuipunguza, uulize kuhusu dawa za kuzuia, maana zipo. Ukiwa na mimba sema. Ukiwa unaona vimulimuli kabla ya kichwa kuanza na unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, sema pia, kuna vidonge havikufai. Na siku kichwa kikija ghafla kuliko kilivyowahi kuja, au na homa na shingo ngumu, au mkono ukilegea, ni kukimbizwa siku hiyohiyo.

Sasa baba watoto. Usibishane naye siku unaumwa, hutashinda. Kitulie kwanza, kisha mpe daftari la shule la kurasa 40 na kalamu. Siku za kichwa wewe huwezi kuangalia mwanga, kwa hiyo mwandishi awe yeye: tarehe, mvua au jua, ulikula saa ngapi, ulilalaje, hedhi, vidonge vingapi. Aandike miezi miwili, mwende nalo hospitali wote wawili. Na ikitokea Jumapili ya harusi uliyoingoja mwezi mzima, ukabaki kitandani na gauni limening'inia mlangoni, aandike na hiyo kwa mkono wake. Siku hiyo palizi haipo.