Mikono inatetemeka nikishika chaki: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa ualimu hapa Mtwara mjini, mwaka wa pili. Wiki tatu zijazo tunakwenda mazoezi ya kufundisha, nimepangiwa shule moja Newala. Mwaka jana, mara yangu ya kwanza kusimama mbele ya darasa la tano, nilipogeuka kuandika tarehe ubaoni mkono ulitetemeka mpaka chaki ikakatika. Watoto wakacheka. Mdomo ukakauka, nikasahau nilichoandaa. Bwenini na wenzangu naongea vizuri tu. Rafiki yangu anasema ninywe kidonge cha kushusha mapigo ya moyo kabla ya kuingia. Je, ni sawa? Na nifanye nini huu woga uishe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hebu rudia kusoma ulichoandika: chaki ilikatika ulipokuwa unaandika tarehe. Tarehe ndicho kitu cha kwanza kuandikwa, hata somo halijaanza. Wanachuo wengi niliowakagua miaka yote hii ndivyo walivyo. Woga hupanda ukiwa bado mlangoni, hufika kileleni dakika ya kwanza au ya pili, kisha huanza kushuka wenyewe ukiendelea kusema. Kwa hiyo usijiandae kupigana nao dakika arobaini nzima. Jiandae kwa dakika mbili.

Kwanza ujue mwili unafanya nini. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazomwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, damu inapelekwa kwa wingi kwenye misuli mikubwa, mate yanapungua, vidole vinatetemeka. Ni maandalizi yale yale ambayo mwili ungeyafanya kama ungemkanyaga nyoka chini ya mkorosho. Huna ugonjwa, wala si dalili kwamba hukuumbiwa ualimu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona vijana wazuri wakiacha kazi hii kwa kudhani kutetemeka ni hukumu.

Sasa chaki yenyewe. Usiingie na chaki ndefu nzima. Ivunje nusu mwenyewe kabla ya kuingia, ushike kipande kifupi karibu na ncha. Kipande kifupi hakikatiki ovyo, wala hakipigi ule mlio unaowafanya watoto wazibe masikio. Andika herufi kubwa, ukizungusha mkono kuanzia begani badala ya kuandika kwa vidole kama unaandika kwenye daftari. Bega ni zito kuliko vidole, kwa hiyo mtetemo hauonekani. Na kama ratiba inaruhusu, wahi darasani, andika tarehe na somo kabla hawajakaa. Utakuwa umeondoa lile tendo la kwanza lililokuangusha mwaka jana.

Newala, uzuri wake ni hali ya hewa, lakini asubuhi kule juu kuna baridi kuliko hapa mjini pwani. Beba sweta. Mkono unaotetemeka kwa baridi utaudhania unatetemeka kwa woga, na ukishadhania hivyo woga wenyewe utafuata.

Mazoezi yafanyike kwa mdomo, ukiwa umesimama. Kulala kitandani na andalio la somo mkononi ukisoma kimoyomoyo si mazoezi ya kufundisha. Jioni tafuta darasa tupu hapo chuoni, simama mbele ya ubao, sema utangulizi wako kwa sauti inayofika dawati la mwisho. Rudia kesho yake. Siku ya tatu mlete rafiki mmoja akae nyuma kabisa. Wiki inayofuata wawe watano, na mmoja wao awe mtu usiyemzoea. Woga hupungua kwa kuuzoea hatua kwa hatua. Ukiukwepa kwa wiki tatu utaukuta Newala umenenepa. Kariri sentensi mbili za kwanza tu, neno kwa neno. Zilizobaki ziandike kwa maneno makuu, kwa sababu aliyekariri somo zima akipotea neno moja amepotea lote.

Ukiwa mlangoni, vuta pumzi puani kwa kuhesabu mpaka nne, itoe taratibu kwa kuhesabu mpaka sita. Fanya mara tano. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoupunguzia moyo mwendo. Ila usijiambie "tulia, tulia." Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia wana hamu kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Moyo unaokwenda mbio hauamini ukiambiwa umetulia, lakini hamu nayo huupeleka moyo mbio, kwa hiyo hapo hujidanganyi.

Watoto watasimama: "Shikamoo mwalimu!" Wengi hapa huharakisha, "Marahaba, kaeni," na kuanza kusema madawati yakiwa bado yanakwaruza sakafu. Usifanye hivyo. Itikia, waambie wakae, kisha subiri mpaka dawati la mwisho linyamaze. Hizo sekunde chache ni zako za kupumua, na darasa litaziona kama utulivu wa mwalimu. Halafu mapema kabisa wape wao kazi: swali la somo lililopita, wajadili wawili wawili. Macho yao yakihamia kwa wenzao, nawe unapata nafuu.

Kuhusu kuchekwa. Watoto wa darasa la tano walicheka chaki, na wangecheka hata kama ingemkatikia mwalimu mkuu. Mtetemo wako hawauoni kama wewe unavyouhisi. Watafiti Savitsky na Gilovich walilichunguza jambo hili mwaka 2003: wazungumzaji hudhani woga wao unaonekana wazi kuliko unavyoonekana kweli, na walioelezwa hivyo mapema walizungumza vizuri zaidi. Ndiyo maana nakueleza wewe sasa. Ukisahau, nenda mezani, fungua andalio, soma, endelea. Mkaguzi hatakukata alama kwa kulitazama. Mimi binafsi humtilia shaka asiyelitazama kabisa.

Kidonge: hapana. Dawa anayoisema rafiki yako huenda ni propranololi au mfano wake. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na kwa mwenye pumu inaweza kuibana njia ya hewa mpaka akawa hatarini. Hata kahawa ipunguze asubuhi hiyo, maana nayo huongeza mapigo ya moyo. Kunywa uji, beba chupa ya maji kwa ajili ya mdomo. Lakini kama woga unakukosesha usingizi wiki nzima, au unakufanya utoroke vipindi, au kifua kinabana hata ukiwa mbali na darasa, hapo nenda hospitali umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Msaada wake upo.

Ukifika Newala, kabla ya siku yako ya kwanza, mwombe mwalimu wa somo akuruhusu ukae nyuma ya darasa kipindi kimoja. Andika majina matano ya wanafunzi na mahali wanapokaa. Siku yako ikifika, swali la kwanza mwulize mmoja wa hao watano, kwa jina lake.