Damu za watoto 3,000, hela ya kupima 300

SWALI: Shikamoo mwalimu, nasoma masta hapa Kilifi, tuna damu za watoto 3,000 kwenye friza na kati yao 120 walipata malaria kali, nataka kujua jeni ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, inakinga malaria kali kiasi gani ila bajeti inatosha kupima 300 tu, nipige kura kuwachagua?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kura ya wote usipige kabisa, maana kwenye 300 utaambulia wagonjwa kama 12 hivi na hao hawakufikishi popote! Pima wagonjwa wote 120, halafu kura ipige kwa wale 2,880 ambao hawakuugua, utoe 180.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea: ukitaka kusema jeni imeenea kiasi gani kwa watoto wote, kila mmoja wa hao 180 mpe uzito wa 16, maana anasimama badala ya watoto 16, mgonjwa anabaki na 1. Ukisahau, wagonjwa watajaa kwenye hesabu na jeni itaonekana adimu kuliko ilivyo.

Na angalia vijiji na makabila pia, Mgiriama na Mchonyi usiwachanganye tu kiholela, linganisha mgonjwa na watoto wa kwao. Halafu wenye jeni hiyo mbili, ya baba na ya mama, watenge, hao wanaumwa selimundu yenyewe, kinga aliyoionyesha mtafiti Anthony Allison mwaka 1954 ni ya mwenye moja.