Chaneli 6 za sauti: shika mpangilio kabla ya kutenganisha

Kijana mmoja wa Shela, Lamu, ameniandikia. Faili lake la 5.1 (chaneli tano za sauti na moja ya besi) likipigwa, msomaji wa kasida anasikika kulia badala ya katikati, na waitikiaji wa nyuma kushoto wananguruma kwenye spika ya besi. Ameshabadilisha nyaya zote. Mdogo wangu, nyaya hazina kosa. Kilichovurugika ni mpangilio wa chaneli.

WAV, aina ya faili la sauti, hupanga hivi: kushoto, kulia, katikati, besi, nyuma kushoto, nyuma kulia. Mpangilio wa filamu ni kushoto, katikati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, kisha besi. Ukiingiza huu wa pili kwenye programu inayotarajia ule wa kwanza, yatakupata hayo hayo, na kompyuta haikuonyi.

Mimi kazi hii nimeihangaikia. Studio moja ya bara iliwahi kuniambia chaneli 6 si kazi ya mtu wa kisiwani, nirudi nikarekodi harusi. Neno lile linaniuma mpaka leo. Maulidi haya yaliyopita nimerekodi matari kwenye msikiti wa Riyadha, msomaji nikamweka katikati, waitikiaji nyuma. Tulipoisikiliza mtaani Mkomani, wazee waligeuza shingo kutafuta nani anaitikia nyuma yao. Wallahi, nilijiona nimelipwa.

Basi tenganisha mapema. Chaneli 6 za biti 24 kwa kHz 48 hula takriban gigabaiti 3.1 kwa saa, na WAV ya kawaida haipiti gigabaiti 4, yaani haifiki saa moja na nusu. Maulidi yanakesha! Tumia RF64, yaani WAV iliyopanuliwa kwa faili kubwa, au toa faili 6 za mono (chaneli moja kila faili) kwa FFmpeg, programu ya sauti na video ambayo ni ya bure. Kichujio chake kinaitwa channelsplit. Kila faili lipe jina la spika yake, kisha lisikilize peke yake. Usiiamini programu ikubahatishie.

Ukisimba, yaani ukiibana sauti, kwa AC-3 (muundo wa Dolby unaotumika kwenye DVD), kbps 448 (kilobiti kwa sekunde) zinatosha DVD. Kikomo cha AC-3 yenyewe ni 640. Na WAV zako zihifadhi, kwa sababu AC-3 hutupa sehemu ya sauti na haurudishiwi. Vijana wenzangu, sauti za wazee wetu tusizikabidhi kwa uvivu.

Wewe wa Shela, usiku huu jirekodi ukitaja jina la kila chaneli ndani ya chaneli yenyewe, simba, piga. Ukisikia "katikati" inatokea kulia, rudi kwenye mpangilio, kisha uniandikie.